Soda ya Njiani

Guangzhou, Jumapili, saa tisa alasiri

Mwanangu Saida,

Salamu nimezitafuta nikazikosa, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na hali yako naijua. Umekwenda mtaa wa Kangle kumuaga Ah Lan na wenzake, umesema utarudi magharibi, na umeniachia kazi ya kulifunga sanduku kwa kamba. Nimelifunga. Nimelifungua. Nimelifunga tena. Tiketi ya treni ya Hong Kong iko ndani ya pasipoti, pasipoti iko ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha nimekwenda kuitazama mara nne kama vile ina miguu. Mwishowe nimekaa juu ya robota hili la jinzi za Xintang, nimechukua kalamu, kwa sababu nikiendelea kuzunguka humu ndani nitavunja kitu.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala kuvaa sweta ndani ya ndege. Hayo unayajua. Tangu mama yako afariki nikakuleta huku ukiwa na miaka kumi na mitatu, wewe ndiye unayenikumbusha vidonge vya presha, si mimi ninayekukumbusha kitu. Nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miezi mitano bila kupata mdomo wa kulisemea. Nitakupa barua hii kesho asubuhi kituoni. Isome ndani ya treni, kabla hujafika uwanja wa ndege. Ukishaisoma huenda usitake tena kufikia nyumbani kwa Shani, au usitake kuniita baba kwa muda. Naogopa, Saida. Nalisema wazi ili usidhani ni presha.

Unajua kwamba kabla ya kuwa wakala wa vitambaa nilikuwa afisa ustawi wa jamii Dar es Salaam, mpaka nilipopunguzwa kazini. Nimekusimulia mengi ya kazi ile. Mtoto aliyepotea sokoni tukamtafutia mama yake siku tatu. Mzee wa Buguruni aliyepata baiskeli ya magurudumu matatu akatuimbia. Hadithi hizo ni za kweli, ila nilikuchagulia. Umekua ukizisikia, sasa unarudi nyumbani kusomea kazi ileile, na mimi najisikia kama muuza vitambaa aliyekuonyesha upande mmoja tu wa jora.

Kitambaa kimenifundisha kitu ambacho chuo hakikunifundisha. Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza hapa, Mama Chausiku alipoagiza satini ya maziwa kwa ajili ya maharusi, nikaikuta imekwisha? Laobani, mwenye duka, alinionyesha ya dhahabu, nzito, nzuri kuliko ile, kwa bei ileile. Nikaona huyu mama nimfanyie hisani. Nikapakia majora thelathini bila kupiga faksi. Alipofungua mzigo Dar alinipigia simu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka Rajabu, ni nani aliyekwambia mimi nataka dhahabu?" Tangu hapo hakuna kitambaa ninachobadilisha bila kumuuliza mwenyewe, hata kiwe kizuri namna gani. Kwa kitambaa nilijifunza mapema. Kwa binadamu nilichelewa.

Maana hata mwaka jana tu, Ah Lan alipougua tumbo, nilitaka kufanya vilevile. Yule ni mshona sampuli wangu, nampenda, na nilikuwa nimekwisha kuelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba alizaliwa akaitwa mtoto wa kiume naye anajijua ni mwanamke, basi. Nilimwona amejikunja kwenye kitanda kile cha chuma, ghorofa ya tatu, cherehani zinanguruma chini, nikasema tuwapigie simu wazazi wake huko kwao Hunan. Nilitaka wewe uongee, kwa kuwa Kichina changu ni cha kupunguziwa bei tu. Ulikuja ukaweka kiganja juu ya simu. Ukasema, "Baba, umemuuliza?" Nikakwambia mgonjwa haulizwi, mgonjwa anahudumiwa. Ukasema tena, "Umemuuliza?" Hukupandisha sauti. Nilikasirika nikashuka ngazi, na kule chini nikasimama kati ya mafundi nikijifanya nakagua mishono, na wewe hukujua ni kwa nini.

Halafu mkampeleka hospitali, nami nikawafuata, na niliyoyaona kule sijawahi kuyaona katika miaka kumi na moja ya ofisi. Ah Lan na wenzake watatu wanaoishi naye wana desturi yao. Muuguzi anapotoka na kuita jina la kiume lililoandikwa kwenye kitambulisho, mbele ya ukumbi mzima, wote wanne husimama kwa pamoja. Wanakwenda mbele wote. Watu kwenye mabenchi hawajui ni jina la nani, wanatafuta wa kumcheka hawampati. Siku ile ulisimama na wewe ukawa wa tano, msichana wa Kiswahili mrefu kama mnazi, na yule muuguzi akatazama karatasi, akakutazama wewe, akatazama karatasi tena. Hata Ah Lan alicheka huku ameshika tumbo. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nawaza kwamba mimi, afisa Kiango wa enzi zile, ningeandika barua kwa mganga mkuu, nakala kwa huyu na huyu, na majibu yangekuja mgonjwa amekwisha kupona au kufa. Wao walisimama tu.

Ulimwandikia Shani habari hiyo. Najua, kwa sababu ulinisomea jibu lake. Na sasa nafika kwa Shani.

Alipoingia nyumbani mwetu aliingia kama oda ya shanga. Mama Chausiku alileta kipande cha shela na karatasi yenye vipimo, akasema fundi wake wa nguo za maharusi anataka shanga za rangi hii hasa, asiletewe nyingine. Wewe ulizunguka soko la vitambaa siku mbili ukazipata, ukatia na kijibarua chako: "Kutoka kwa Saida wa Guangzhou." Akajibu. Ukajibu. Akakueleza kwamba yeye na wenzake watano wanaoshona pamoja ni wanawake kama Ah Lan, kwamba mmoja wao akikamatwa, wawili huenda kituo cha polisi na chakula na kukaa pale pale mpaka atoke, zamu kwa zamu, hata siku tatu. Ulianza kumwita Da Shani. Picha yake uliibandika juu ya kitanda chako. Niliitazama picha ile nikaona mwanamke mtu mzima aliyevaa miwani. Sikumjua, Saida, wallahi sikumjua. Wakati nilipomwona mimi alikuwa na miaka kumi na tisa.

Ijumaa moja baada ya swala tulikuwa tunakula. Ulikuwa na barua mpya, unaisoma kwa sauti huku unatafuna, tabia mbaya ambayo mama yako angekukemea. Ulikuwa umemuuliza ni kwa nini vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki. Akakujibu. Nimeiba ile barua jana kwenye mkoba wako ili niinakili vizuri, nisamehe: "Afisa yule alikuwa mpole sana. Tiketi ya kunirudisha Kondoa kwa baba alikata kwa pesa ya ofisi, lakini soda ya njiani na pakiti ya biskuti alininunulia kwa pesa yake mwenyewe. Nilikunywa ile soda nikijua napelekwa wapi."

Uliweka barua chini. Ukasema, "Baba, hebu sikia watu wa ofisi yenu! Mtu anapelekwa kuchinjwa, ananunuliwa soda!"

Mimi nikasema, "Nisogezee mchuzi."

Ilikuwa soda ya machungwa. Hakuiandika, lakini mimi najua.

Shani alikamatwa pamoja na wenzake wawili nje ya ukumbi wa muziki, wakashtakiwa kwa uzururaji. Hakimu akataka ripoti ya ustawi wa jamii, faili likaja mezani kwangu. Nilimkuta kwenye korido ya mahakama amevaa kanga na kilemba. Jina lililoandikwa kwenye karatasi sitaliandika hapa. Nilimwita kwa jina hilo kutwa nzima, na kila nilipomwita alitazama sakafu. Mara moja tu alisema, "Bwana Kiango, mimi naitwa Shani." Nikamjibu kwamba sheria inamjua kwa lile jingine. Nikaandika kwenye ripoti "tabia ya kujifanya mwanamke, iliyotokana na kukosa malezi ya baba." Sentensi hiyo niliipenda. Niliisoma mara mbili.

Kulikuwa na mwanamke mmoja amekaa pale tangu asubuhi na bakuli la chakula lililofunikwa kwa kitambaa, Mama Sikudhani, mama lishe. Alimlea Shani tangu alipokimbia kwao na miaka kumi na tano. Alinifuata mpaka mlangoni. "Bwana afisa, niulize na mimi basi. Huyu mtoto analala kwangu, tunapika pamoja, nikiumwa ananiogesha. Niulize." Nikamwambia, "Mama, wewe si ndugu." Sikumwambia kwa dharau. Fomu ilikuwa na mistari ya baba, mama, kaka, dada, mjomba. Tulifundishwa kwamba kila mtu ana kwao, na kazi ya afisa ni kumrudisha kwao. Mitaa ilikuwa imejaa watu wanaotafutiwa namna ya kurudishwa, na kila aliyepanda basi alihesabiwa kuwa amesaidiwa. Nilikuwa na haraka ya kutenda wema.

Hakimu aliisifu ripoti yangu.

Kituo cha basi nilimpeleka mwenyewe. Aliniomba mara ya mwisho, kwa sauti ya chini ili utingo asisikie. "Kule sitakaa salama. Niandikie nikae kwa Mama Sikudhani. Nitaripoti kwako kila Jumatatu, ukitaka kila siku." Nikampiga bega nikamwambia damu ni nzito kuliko maji, mzee atafurahi. Nikanunua soda. Unajua chupa za wakati ule, muuzaji alitaka chupa yake irudi, kwa hiyo soda ya njiani hainywewi njiani, inanywewa pale pale umesimama. Basi lilikuwa linapiga honi. Alikunywa, machozi yanateremka, na mimi nikamwambia, "Fanya haraka, chupa ya watu." Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Nikamkabidhi kwa utingo pamoja na barua ya kumpa baba yake, nikarudi ofisini nikaandika: "Amepokelewa na familia. Kesi imefungwa." Sikuwa nimeona mtu akimpokea. Niliona basi likiondoka.

Walimnyoa kichwa siku aliyofika. Walimfungia stoo ya mahindi. Vidole vilivunjwa na mlango, alipojaribu kuuzuia usifungwe. Haya umeyasoma kwake, sitayarudia kwa maneno yangu kama vile ni yangu. Alitoka baada ya miezi mitatu, akapata lori la mkaa, akarudi mjini usiku na mchana, na aliyemfungulia mlango ni yule asiye ndugu.

Sasa lipo ambalo hujalisoma kwake, kwa kuwa yeye mwenyewe halijui. Kuna sentensi katika barua ile uliipita haraka. "Nilimwandikia yule afisa kutoka stoo, mtoto wa jirani akanipelekea posta. Mpaka leo sijui kama ilimfika." Ukacheka ukasema, "Posta yetu tena!"

Si posta, Saida. Ilikuwa karatasi ya daftari iliyochanwa, imeandikwa kwa penseli kwa mkono mmoja, herufi zinapanda na kushuka. Alisema wamenifungia. Alisema vidole vimevunjika. Alisema njoo unitoe, na kama huwezi, mwambie tu Mama Sikudhani niko wapi, yeye atakuja. Nilimpelekea mkubwa wangu. Akasema Kondoa si wilaya yetu na faili limekwisha kufungwa. Na mimi nilishusha pumzi. Hapo ndipo panaponitisha mpaka leo, kuliko soda, kuliko ripoti. Niliambiwa si kazi yangu nikafurahi. Nikaibana ile karatasi kwa pini nyuma ya faili. Kibanda cha Mama Sikudhani kilikuwa dakika kumi kutoka ofisini, nilikuwa nakula pale maharage mara kwa mara. Sikwenda kumwambia. Nilibadili njia ya kurudi nyumbani, nikawa nazunguka nyuma ya stesheni, mama yako akiniuliza kwa nini nachelewa namwambia kazi.

Mficha uchi hazai, wanasema. Nimeuficha miaka kumi na minne, na nisingeufunua hata leo kama wewe usingekuwa unakwenda kulala nyumbani kwake.

Ninahofia mengi juu yako. Nahofia kwamba watu wa mtaani wakikuona unaingia na kutoka kwa mafundi wale watakuita wanavyowaita wao, neno silirudii. Nahofia watu wa msikitini watamfuata shangazi yako. Mimi si shehe, kuna usiku nimesali nikiuliza na sijapata jibu la kukupa. Nahofia chuo kitakufundisha fomu vizuri mno. Na nahofia wema wako, kwa sababu una mkono mwepesi wa kusaidia, umeurithi kwangu, na mkono huo ndio ulioshika ile chupa ya soda. Lakini unacho pia kiganja kile kilichokaa juu ya simu. Hicho sijui umekitoa wapi. Labda kwa Ah Lan, labda kwa Shani mwenyewe, kwa barua, bila mimi kujua kwamba mtu niliyemfungia faili ndiye anayenifundishia mwanangu kazi.

Nimejaribu kumwandikia. Nimechana barua tatu. Kila moja ilikuwa na "naomba" ndani yake: naomba unisamehe, naomba unielewe, naomba umpokee binti yangu. Hata msamaha ni kumtuma mtu kazi, na yule nimekwisha kumtuma mbali vya kutosha. Kwa hiyo humo sandukuni hamna barua yangu kwake. Usinitafutie msamaha. Usimsimulie kwamba baba yako siku hizi amebadilika, ana presha, analia. Usinipambe.

Ila kuna jambo moja lazima ulifanye wewe, kwa sababu hakuna mwingine wa kulifanya. Anakujua kwa jina la Saida wa Guangzhou. Amekutandikia kitanda akiwa hajui anamtandikia nani, na hilo si haki. Ukifika mlangoni kwake, kabla hujavua viatu, kabla hajakuletea maji, taja jina lako kamili. Saida Rajabu Kiango. Halafu nyamaza, umwache atazame. Katika barua zake hakulitaja jina la yule afisa hata mara moja, sijui ni heshima au ni kwamba halitaki kinywani, lakini hajalisahau. Akikwambia ondoka, ondoka, tena usilie pale mlangoni kwake ukamfanya akubembeleze. Shangazi yako Mwanahawa yuko Temeke, nimempigia simu, anajua unaweza kufika saa yoyote, sikumwambia sababu. Akikwambia ingia, ingia ukae anapokuonyesha.

Na mimi je? Mimi nitakuwa hapa. Faksi ya duka la chini inafanya kazi mpaka saa mbili. Ukiandika nitafurahi, usipoandika nitajua umesoma. Hizi si hila za kukuhurumisha, ninakueleza tu ratiba yangu.

Nasikia sauti yako kwenye ngazi. Unacheka na yule mama wa mlango wa pili, na nadhani Ah Lan amekupa kitu kikubwa maana unakigonga ukutani. Naandika haraka, kalamu inachafua.

Akikuingiza ndani, usubiri. Siku moja, hiyo hiyo ya kwanza au baada ya mwaka, mtakapokuwa mnatia shanga kwenye shela ya mtu, atauliza kuhusu ile barua ya penseli. Usiseme hujui. Usisingizie posta. Posta ilifanya kazi yake. Mwambie ilinifika, siku ya Jumanne asubuhi, na nikaisoma mpaka mwisho.

Baba yako,
Rajabu Kiango